Namna ya Kuyatembelea Madaraja ya Mto Malagarasi Ukitokea Kigoma

Mgeni anayefika Kigoma kwa kawaida huelekezwa Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, huelekezwa Gombe kuwaona sokwe, na jioni hupelekwa ufukweni kulitazama ziwa. Ni mara chache sana mtu huelekezwa kwenye daraja. Jambo hilo hunisikitisha, kwa sababu sijui kitu kingine katika mkoa huu kinachoeleza vizuri zaidi jinsi Kigoma ilivyoishi kwa muda mrefu ikiwa mbali na sehemu nyingine za nchi, na jinsi ilivyounganishwa nazo.

Chukua ramani kabla hujachukua basi. Mto Malagarasi huanzia karibu na mpaka wa Tanzania na Burundi, hufuata mpaka huo kwa sehemu ya safari yake, kisha hugeukia ndani ya nchi, huzama katika mabwawa mapana, na mwishowe huelekea magharibi kupitia kusini mwa Uvinza hadi Ziwa Tanganyika. Urefu wake ni takribani kilomita 475, na hakuna mto mwingine unaoingia katika ziwa hilo unaokusanya maji kutoka eneo kubwa kama lake. Ukiufuata kwa kidole utaona kwamba mji wa Kigoma uko ndani ya mzingo: magharibi kuna ziwa, kaskazini kuna Burundi, na pande zilizobaki zimezungukwa na mto mmoja. Utoke Tabora, utoke Mpanda, au utoke Kibondo, hutafika Kigoma kwa nchi kavu ya Tanzania bila kuuvuka Malagarasi mahali fulani. Kwa hiyo ziara ya madaraja ya Kigoma ni ziara ya mto huu, na mwongozo huu umepangwa kwa kuufuata.

Wakati wa kwenda

Mvua za Kigoma huanza kwa kawaida Novemba na kuendelea hadi Aprili, na kiangazi hukolea kuanzia Juni hadi Septemba. Watu wengi watakushauri usubiri kiangazi kikavu kabisa, na kwa barabara za vumbi ushauri huo ni sahihi. Hata hivyo, kwa mtu anayekwenda kuangalia madaraja, mimi naona kipindi bora ni Mei na mwanzoni mwa Juni. Sababu yake ni mabwawa. Maji yanayoshuka kutoka vilima vya Burundi, Kasulu na Kibondo, pamoja na yale yanayoletwa na mito ya Muyovozi, Gombe na Ugalla kutoka upande wa Tabora na Katavi, hayakimbilii ziwani moja kwa moja. Hutandaa kwanza katika eneo oevu la Malagarasi na Muyovozi, ambalo mwaka 2000 lilikuwa la kwanza nchini Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na ukubwa wa takribani kilomita za mraba 32,500. Nyasi, mafunjo na maziwa madogo huyashikilia maji hayo na kuyaachia taratibu. Matokeo yake ni kwamba mvua inaweza kuwa imekwisha, njia imeanza kukauka, lakini mto bado umejaa. Hapo ndipo utakapoelewa kwa macho yako kwa nini daraja lilijengwa refu kuliko upana wa mto unaouona wakati wa kiangazi.

Anayeweza kwenda mara mbili, mara moja mto ukiwa umejaa na mara moja katika Septemba, atajifunza zaidi ya yule anayekwenda mara moja na kukaa siku nyingi.

Kutoka Kigoma hadi Uvinza

Anzia safari stendi kuu ya mabasi mapema asubuhi, ukipanda basi la Tabora au gari linaloishia Uvinza. Ukiwa na gari lako au umekodi gari na dereva ni vizuri zaidi, kwa sababu utasimama unapotaka. Barabara inapita Kidahwe, na kabla ya kufika mbali utavuka bonde la mto Luiche, ambao huingia ziwani kusini mwa Ujiji. Luiche hauna daraja la kumfanya mtu asafiri kwa ajili yake peke yake. Tazama tu namna bonde lake lilivyo tambarare na lenye rutuba, na namna barabara ilivyoinuliwa juu ya tuta ili maji yasiipande. Utaliona jambo hilohilo kwa ukubwa zaidi mbele ya safari.

Uvinza iko takribani kilomita 105 kutoka Kigoma. Mji huu unajulikana kwa chumvi, ambayo watu wamekuwa wakiichemsha kutoka chemchemi zake kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chemchemi hizo ziko karibu na mahali ambapo mto Ruchugi, unaoteremka kutoka upande wa Kasulu, huungana na Malagarasi. Shuka hapa. Kunywa chai, kisha utembee hadi kwenye daraja la Ruchugi. Ni mto mdogo, lakini ni mwalimu mzuri kwa sababu unaweza kuusogelea na kuona kila kitu kwa karibu.

Anza kwa kutafuta alama za maji. Juu ya nguzo na kuta za pembeni utaona mstari ambapo rangi ya zege hubadilika, na juu ya mstari huo pengine majani makavu yaliyonasa; huko ndiko mto ulikofika katika mafuriko ya hivi karibuni. Kisha tazama kitako cha nguzo. Maji yanayogonga nguzo hujipinda na kuzunguka, na mzunguko huo huchimba mchanga uliopo chini yake. Mafundi hupanga mawe makubwa kuzunguka kitako ili kuzuia uchimbaji huo, kwa maana madaraja mengi duniani huanguka kwa kuchimbwa chini na maji, hata pale ambapo mzigo wa juu haukuzidi. Mwisho, tazama mahali ambapo daraja linakutana na barabara. Tuta la udongo upande huo ndilo sehemu dhaifu: mto ukizidi, mara nyingi daraja hubaki limesimama na tuta lake likakatwa, na magari yakakwama pande zote mbili yakiliangalia daraja zima ambalo halifikiki.

Mtu aliyeyaona mambo hayo matatu kwenye Ruchugi yuko tayari kwenda kuona daraja kubwa.

Daraja la Kikwete

Kutoka Uvinza endelea mashariki kwa njia ya Tabora kiasi cha kilomita 50. Wenyeji wengi bado hulitaja kwa jina la mto, yaani daraja la Malagarasi, lakini jina lake rasmi ni Daraja la Kikwete, kwa heshima ya Rais wa Awamu ya Nne, Jakaya Kikwete, aliyelifungua mwaka 2015. Lilijengwa na kampuni ya Hanil kutoka Korea Kusini kwa mkopo wa serikali ya nchi hiyo, likiwa na jumla ya urefu wa mita 275, na mradi huo ulijumuisha barabara za maingilio za takribani kilomita 48. Ninawasihi wasomaji wasiipite haraka tarakimu hiyo ya mwisho. Daraja lenyewe halifiki hata theluthi moja ya kilomita, lakini halingemsaidia mtu bila makumi ya kilomita za barabara katika nchi hii yenye udongo mzito na tambarare inayofurika.

Ukifika, usianze kwa kusimama katikati ya daraja. Mwombe dereva akuteremshe kabla ya kuvuka, upande wa Uvinza, na uegeshe mbali na barabara, kwa kuwa malori yanayokwenda na kutoka Kigoma hupita hapa kwa mwendo. Tazama kwanza mto. Wakati wa kiangazi utaona maji yamejikusanya kwenye mkondo wake na pembeni kuna nyasi kavu na madimbwi. Katika Mei utaona nyasi hizohizo zikiwa zimesimama ndani ya maji. Kisha tafuta matundu ya daraja yaliyo juu ya nchi kavu, yale ambayo mtu asiyefikiri atayaona ni hasara ya saruji. Hayo ndiyo yanayolifanya daraja lidumu. Katika uwanda unaofurika, mhandisi akijenga tuta refu na kuacha tundu moja tu juu ya mkondo, maji yaliyotandaa hulazimika kurudi na kupenya mahali pamoja, na kasi yake huongezeka hadi kuchimba kila kitu. Akiyapa maji njia zaidi ya moja, yatapita kwa utulivu.

Baada ya hapo ndipo uvuke kwa miguu, ukitembea kwenye njia ya waenda kwa miguu na kuyakabili magari yanayokuja. Sikiliza tairi zinapopita kwenye maungio ya sakafu. Mlio ule wa kugonga hutokana na pengo lililoachwa makusudi, kwa sababu zege na chuma hutanuka kwa joto la mchana na kusinyaa usiku, na daraja lisilo na nafasi ya kutanuka hupasuka. Katikati ya daraja simama dakika kadhaa, utazame upande mto unakotoka, halafu upande unakokwenda. Mwenye darubini ya mkononi aje nayo, kwa kuwa ndege wa majini ni wengi.

Kabla ya barabara hii kujengwa upya, mvua kubwa ziliweza kuifanya njia ya Tabora isipitike, na abiria wa Kigoma walitegemea treni au walizunguka kaskazini. Ukipata nafasi ya kuzungumza na mtu mzima wa mji wa Nguruka, ulio mbele kwenye njia ya Tabora, au wa kijiji cha Malagarasi, mwamkie vizuri, kisha muulize walivyokuwa wakisafiri zamani wakati wa masika. Majibu utakayopata yatakuwa na thamani kuliko maelezo ya kitabu chochote cha uhandisi, na ni heshima kwa wazee hao kuulizwa.

Simulizi za kuvuka hapa ni za kale. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora kwenda Ujiji iliuvuka Malagarasi kwa mitumbwi, na ilikuwa lazima kuwalipa watawala wa Uvinza hongo, yaani ushuru wa kupita, kabla ya kupakiwa. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walivuka hivyo walipokuwa wakielekea Ujiji, ambako walifika Februari 1858. Stanley alivuka mwaka 1871, akiwa njiani kwenda kumtafuta Livingstone, na mmoja wa punda wake, ambaye alikuwa akiogeleshwa kwa kamba, alivutwa na mamba. Nalitaja tukio hilo pia kama onyo la vitendo: mamba bado wamo, na viboko pia. Usishuke kwenye kingo kuosha miguu, usimruhusu mtoto achezee maji, na usipite kwenye nyasi ndefu kando ya mto hasa asubuhi na jioni, ambapo viboko huwa njiani kati ya malisho na maji.

Daraja la reli

Reli ya Kati nayo huuvuka Malagarasi katika eneo hilohilo, kati ya Nguruka na Uvinza, na daraja lake lina historia ndefu zaidi. Wajerumani walianza kuijenga reli hii Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora mwaka 1912, na Februari 1914 wakafika Kigoma, takribani kilomita 1,250 kutoka pwani. Miezi michache baadaye vita kuu ilianza. Meli Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 71 hivi, iliyoundwa Papenburg nchini Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande na kufungwa katika maelfu ya masanduku, ilisafirishwa kwa reli hii hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Ndiyo meli tunayoiita Liemba leo. Anayeipenda Liemba, na Kigoma nani asiyeipenda, akumbuke kwamba kila bati na kila ribiti yake ilipita juu ya Malagarasi kabla ya kugusa maji ya ziwa.

Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yaliiteka Kigoma mwezi Julai na Tabora mwezi Septemba, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli hii ili kuwachelewesha adui zao. Mtu anayesafiri leo anapita juu ya kazi ya vizazi kadhaa vya mafundi, waliojenga, waliojenga upya na wanaoendelea kukarabati kila masika yanapopita.

Njia sahihi ya kuliona daraja hili ni kulipita ukiwa ndani ya treni. Kutembea juu ya reli na kwenye madaraja yake ni marufuku na ni hatari ya kweli, kwa sababu njia ni moja na juu ya daraja hakuna mahali pa kukwepea. Panda treni ya Shirika la Reli Tanzania inayotoka Kigoma kwenda Tabora. Ratiba hubadilika, na wakati wa mvua huduma huweza kusitishwa, kwa hiyo uliza stesheni ya Kigoma siku chache kabla. Stesheni hiyo yenyewe, iliyojengwa enzi za Wajerumani, inastahili kutazamwa kwa utulivu kabla ya kuondoka. Mweleze mhudumu wa behewa kwamba unataka kuuona mto, naye atakujulisha unapokaribia. Upana wa reli hii ni mita moja, na juu ya daraja treni hupunguza mwendo, hivyo utakuwa na muda wa kuona mataruma yakipita chini yako na maji chini ya mataruma. Usitoe kichwa wala mkono dirishani. Ukipita usiku hutaona kitu, na hapo ni afadhali ukate tiketi ya kushuka Nguruka, ulale huko, na ulitazame daraja la barabara mchana wa siku inayofuata. Nguruka ni mji wa biashara wenye nyumba za wageni, na samaki wake wa mabwawani, perege na kambare, ni chakula kizuri kwa anayezoea migebuka na dagaa wa ziwani.

Reli mpya ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, yenye takribani kilomita 506 na ambayo mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, nayo lazima iuvuke mto huu. Ukikuta ujenzi unaendelea, usiingie eneo la kazi bila idhini ya wasimamizi.

Kaskazini, kusini na mdomoni

Aliyebaki na siku za ziada aongeze sehemu tatu, na nitazieleza kwa ufupi.

Upande wa kaskazini, barabara ya Kasulu kwenda Kibondo huuvuka Malagarasi ukiwa bado mto mwembamba wa vilimani, kabla haujaingia mabwawani. Ukienda huko baada ya kuona Daraja la Kikwete utashangaa kwamba ni mto uleule. Maji ya huku hupanda haraka baada ya mvua na kushuka haraka, ilhali ya kule chini hupanda polepole na kukaa muda mrefu.

Upande wa kusini, barabara ya Uvinza kwenda Mpanda huuvuka mto muda mfupi baada ya kuiacha Uvinza. Hiki ni kituo rahisi kwa yule aliyelala Uvinza na asiye na muda wa kufika Nguruka.

Na mdomoni, kwa njia ya Simbo, kuna Ilagala, ambako kwa miaka mingi watu, mizigo na magari yamevushwa kwa pantoni. Nakushauri ufike Ilagala hata kama shabaha yako ni madaraja tu, na ikiwezekana ufike mwanzoni mwa ziara. Mtu aliyeketi kwenye ukingo akisubiri zamu ya kuvushwa, pamoja na wagonjwa, wanafunzi na magunia ya dagaa, hataliona tena daraja kama kitu cha kawaida. Kuhusu hali ya kivuko kwa wakati utakaokwenda, uliza madereva wa Simbo kabla ya kuondoka Kigoma, kwa sababu kina cha ziwa kimebadilika sana katika miaka ya karibuni na hali ya kingo hubadilika pamoja nacho.

Picha, vibali na matayarisho

Madaraja makubwa na reli ni miundombinu ambayo dola huilinda, na ni wajibu wa mgeni kuheshimu ulinzi huo. Ukikuta askari au mlinzi, mwendee wewe kwanza, msalimie, jitambulishe, onyesha kitambulisho chako na uombe ruhusa kabla ya kutoa kamera. Akikataa, usibishane, panda gari uendelee, kwa sababu mandhari ya mto inaweza kutazamwa bila kupigwa picha. Ndege isiyo na rubani haitakiwi kurushwa bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na vyombo vya ulinzi, na kibali hicho huombwa mapema kabla ya safari. Wavuvi na akina mama utakaowakuta kando ya mto pia waombwe ridhaa kabla ya kupigwa picha.

Beba maji ya kunywa ya siku nzima, kofia, viatu vilivyofunika miguu na dawa ya kufukuza mbu na mbung'o, ambao ni wengi katika misitu ya miombo kati ya Uvinza na Nguruka. Weka mafuta ya kutosha Kigoma au Uvinza, na uwe na fedha taslimu ndogondogo. Kama unategemea mabasi, panga kufika darajani kabla ya saa sita mchana, kwa maana magari ya kurudi Kigoma hupungua kadiri jua linavyoshuka, na kondakta akikuahidi kwamba lipo gari la jioni, mwombe namba ya simu ya dereva wa gari hilo kabla hujashuka.